Begi lina fimbo 15, ipi ibaki nyumbani?

Toleo hili maswali mengi yamekuja kuhusu kitu kimoja, fimbo za kubeba. Nadhani ni kwa vile watu wengi sa hivi wanaanza gofu kwa kununua begi zima la mtumba au kwa kuachiwa na mtu, halafu ndo wanakaa nalo sebuleni wanajiuliza hii ya nini, na hii nayo ya nini. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana ndani yake kuna majibu ya wengine wengi walioandika. Kwa mgeni kabisa: draiva na wudi ni fimbo za kupiga mbali, aini ni za chuma za umbali wa kati, haibridi ni mchanganyiko wa wudi na aini, weji ni za kupandisha mpira karibu na grini (ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo), na pata ni ya kuusukuma mpira shimoni.

Shikamoo anko. Mimi ni kijana wa Tabata, nina miezi minne tangu nianze gofu, nacheza Lugalo Jumamosi asubuhi. Bosi wangu wa zamani alikuwa anarudi kwao akaniachia begi lake lote. Nimehesabu zipo 15: draiva, wudi 3, wudi 5, haibridi 4, aini kuanzia 3 mpaka 9, weji ya P, weji ya 56, weji ya 60 na pata. Jamaa mmoja pale kaniambia nikiingia nazo kwenye mashindano nakula adhabu. Sasa nitoe ipi? Aini 3 ndo mpya kabisa haijachakaa hata kidogo kwahiyo hiyo nisingependa kuitoa.

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, mtu kukuachia begi zima siyo jambo dogo. Jamaa kakwambia kweli. Mwisho ni fimbo 14, na ukikutwa na ya 15 kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju unaongezewa mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nayo, isizidi minne kwa raundi nzima. Haijalishi umeipiga au haujaipiga, kuwemo tu begini kunatosha. Ian Woosnam, mchezaji wa kulipwa, yalimkuta mwaka 2001 kwenye The Open, yale mashindano makubwa ya Uingereza, pale Royal Lytham, siku ya mwisho kabisa, yuko juu anapigania kombe, kapiga shimo la kwanza vizuri kweli, wanafika kuanza shimo la pili kedi wake, yule mbeba begi, ndo anamwambia tuna fimbo 15, kumbe walikuwa wamebeba draiva mbili. Mikwaju miwili ikaongezwa hapo hapo. Akamaliza nafasi ya tatu sawa na wengine.

Ila swali lako la "nitoe ipi moja" mi naona halikutoshi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Hiyo aini 3 unayosema haijachakaa, hebu jiulize kwa nini haijachakaa. Chukua ile aini 7 ya hilo begi na ile weji ya P uzigeuze kwenye mwanga, utaona katikati ya uso mistari imelika, kuna kiduara kama shilingi kimepauka, gripu, pale pa kushikia, nayo imekuwa laini pale dole gumba linapokaa. Hizo ndo bosi wako alikuwa anazipiga. Aini 3 inang'aa kwa sababu na yeye ilimshinda, alikuwa anaitembeza tu miaka yote. Sasa usirithi na mzigo wake.

Sababu yenyewe iko hivi. Kila fimbo ina mlalo wa uso, tunaita lofti, unapimwa kwa nyuzi. Ukilala sana mpira unapanda juu na kutua karibu, ukisimama mpira unaenda chini na mbali. Aini 3 ya zamani ina nyuzi kama 21 hivi na kichwa chake ni chembamba, uzito umekaa juu karibu na uso, kwahiyo ili mpira upande inabidi uwe na spidi kubwa ya mkono na uupige katikati hasa. Mtu wa miezi minne hana hiyo spidi, hata wa miaka minne wengi hawana. Haibridi 4 uliyonayo ina nyuzi karibu sawa na hiyo, 22 hivi, ila kichwa chake ni kinene na uzito umekaa chini na nyuma, mpira unapanda wenyewe hata ukiugusa pembeni kidogo. Zinafanya kazi moja ila moja inakusamehe na nyingine haikusamehei. Beba inayokusamehe.

Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Kuna binti mmoja nilikuwa namsaidia, alikuja na begi kama lako. Tukaenda uwanja wa mazoezi mchana wa siku ya kazi hakuna mtu, na mipira yake na daftari la kaunta. Kila fimbo apige mipira 20, ile mitatu iliyoenda mbali sana tunaitupa maana hiyo ni bahati, ile mitatu mibovu kabisa tunaitupa pia, zinazobaki 14 tunatafuta katikati yake kwa hatua. Jua kali, jasho linadondokea kwenye daftari mpaka wino unasambaa, lakini tulikaa mpaka zikaisha. Matokeo yake nimeyanakili: aini 7 mita 112, aini 6 mita 120, aini 5 mita 122, aini 4 mita 119. Soma tena hapo. Aini 4 ilikuwa inaenda karibu kuliko 6! Wudi 3 mita 141, wudi 5 mita 143. Haibridi 133. Yaani alikuwa na fimbo tatu zinazoenda sehemu moja, na nyingine mbili zinazoenda sehemu moja, halafu kila akifika kwenye mpira anasimama dakika nzima anachagua kati ya vitu ambavyo havina tofauti. Siku ile ile tukatoa aini 4, aini 5 na wudi 3. Begi likawa jepesi na maamuzi yakawa ya haraka.

Kwahiyo we fanya hivyo hivyo kabla ya kutoa chochote. Nyumbani peke yako hautajua, lazima upige na uandike. Kama unapiga sehemu yenye mabango ya yadi usichanganye na mita, yadi 100 ni kama mita 91 tu. Unachotafuta ni kila fimbo iachane na jirani yake kama mita 9 mpaka 14. Zikiwa karibu zaidi ya hapo moja haina kazi, zikiachana sana hapo kuna shimo la kuzibwa.

Mi nikikisia bila kukuona ukipiga, naona ukibaki na hizi: draiva, wudi 5, haibridi 4, aini 5 mpaka 9, weji ya P, weji ya 56 na pata. Hizo ni 11. Aini 5 nimeiacha kwa masharti, kama daftari litasema inaenda sawa na 6 itoke nayo. Wudi 3 ina nyuzi 15, ukiipiga toka kwenye nyasi ni ngumu sana kwa anayeanza na kwako nina hakika wudi 5 yenye nyuzi 18 itaenda mbali hivyo hivyo au zaidi, sababu itapaa. Ila usizigawe hizo ulizotoa! Weka chumbani, baada ya mwaka piga tena uone, mkono unabadilika.

Weji ya 60 ndo nakuomba hasa uiache. Najua inavutia, unaona wachezaji wa kwenye TV wanainua mpira juu unaanguka grini kama umekatwa kamba. Ile fimbo kosa dogo tu inakuadhibu mara mbili, ama inapita chini ya mpira na mpira unabaki pale pale, ama ukingo wake unaugonga mpira katikati unavuka grini yote unaenda kichakani upande wa pili. Weji ya 56 moja, ukijifunza kuipiga nusu na robo na nzima, inakutosha kabisa kwa mwaka huu.

Na wala usione aibu kuwa na fimbo 11 mwenzio ana 14. Sheria imeweka mwisho, haijaweka kiwango cha chini. Marekani waliiweka hiyo sheria mwaka 1938 na wenzao wa Uingereza, R&A, mwaka 1939, kwa sababu wachezaji wa miaka ile walishaanza kubeba fimbo zaidi ya ishirini, na anayeumia ni kedi. Chick Evans alishinda US Open mwaka 1916 akiwa na fimbo saba. Saba tu! Mi nimeanza gofu kwa kubeba mabegi ya watu nikiwa kijana mdogo, najua begi lililojaa linavyokata bega ukifika shimo la kumi na nne jua la saa saba mchana, kwahiyo hili la kutoa fimbo zisizo na kazi nalisema kwa moyo wangu wote.

Habari yako kaka. Mimi na mume wangu tunacheza wote, tunakaa Kigamboni. Yeye ana seti ya zamani, mimi nilinunuliwa seti mpya mwaka jana. Kinachonishangaza ni kwamba namba 7 yangu inakaribia kufika inapofika ya kwake, na yeye ana nguvu kuliko mimi. Halafu mimi nina tatizo lingine, nikiwa mita kama 75 toka kwenye shimo sina fimbo. Weji ya P inapitiliza na ya 56 haifiki. Ni mimi sijui kupiga au?

Nzuri sana dada yangu, na hapana, siyo wewe. Maswali yako hayo mawili ni swali moja.

Namba iliyoandikwa chini ya fimbo haina sheria, kila kiwanda kinaandika kinavyotaka. Aini 7 ya zamani kama ya shemeji ilikuwa na nyuzi 34 hivi. Aini 7 za siku hizi nyingi zina 30, nyingine 28, yaani kwa hesabu za zamani umeshika namba 6 au hata 5 imeandikwa 7. Siyo ulaghai moja kwa moja maana vichwa vya siku hizi vimetengenezwa mpira upande haraka hata lofti ikiwa imesimama, ila ndo hivyo usijilinganishe na mtu kwa namba. Jilinganisheni kwa nyuzi.

Sasa angalia kilichotokea huku chini. Wamezisimamisha fimbo zote mpaka weji ya P, ya zamani ilikuwa na nyuzi 47 au 48, ya kwako huenda ina 43 au 44. Lakini weji ya mchanga yenyewe imebaki pale pale 56. Toka 44 mpaka 56 ni nyuzi 12, wakati aini zako zote zinaachana nyuzi nne au tano tu. Hapo katikati ndo mita zako 75 zilipozama. Shemeji yeye hana hilo tatizo, toka 48 mpaka 56 ni nyuzi 8, anapunguza mkono kidogo anafika.

Dawa yake ni weji moja ya nyuzi 50 katikati. Kabla ya kununua hakikisha kwanza lofti ya hiyo P yako, mara nyingi imeandikwa kwenye tovuti ya kiwanda ukitafuta jina la seti, usikisie. Ikiwa ni 43 au 44 chukua 50. Ikiwa ni 46 chukua 51 au 52. Usikubali kuuziwa 52 na 60 kwa pamoja eti ni seti, we tatizo lako ni moja.

Kitu kingine muuzaji atakuuliza ni baunsi, ule mpindo wa chini ya weji unaozuia isichimbe. Kwa mchanga laini na nyasi zilizoloa wakati wa masika chukua yenye nyuzi 10 mpaka 12, kwa ardhi ngumu ya kiangazi ndogo kidogo inafaa. Kwa mtu mwenye weji mbili tu ningebaki na 10 hapo hapo nisiumize kichwa. Gene Sarazen ndo anajulikana kwa kuileta weji ya mchanga yenye huo unene wa chini, akashinda nayo The Open ya mwaka 1932, na kabla ya hapo watu walikuwa wanateseka bankani, yale mashimo ya mchanga, na fimbo nyembamba inayozama kama jembe.

Na kwa vile mko Kigamboni upepo wa bahari unawafikia, naomba mkirudi nyumbani mfute vichwa vya fimbo kwa kitambaa kibichi halafu kikavu, msiziache ndani ya begi zimeloa. Chumvi inakula weji haraka sana, hasa zile zisizopakwa nikeli.

Kijana, mimi nina miaka 68, nimecheza gofu tangu nikiwa na miaka thelathini, nyumbani ni Upanga. Nimetoa aini 3, 4 na 5 nikaweka wudi 7 na haibridi mbili. Marafiki zangu wananitania kila wiki kwamba nimebeba fimbo za wazee. Je nimekosea? Na upepo wa pale Gymkhana hauwezi kuzichukua fimbo hizi zinazopandisha mpira?

Shikamoo mzee wangu. Haujakosea hata kidogo. Waambie hao wazee wenzako kwamba Dustin Johnson, kijana mwenye nguvu kuliko karibu kila mtu duniani, alishinda Masters, yale mashindano makubwa ya Marekani, ya mwaka 2020 akiwa na wudi 7 begini, nyuzi 21. Kama yeye anaihitaji na sisi tunaihitaji zaidi.

Upepo ni swali zuri na mzee umeuliza kama mtu anayeujua uwanja. Pale uko karibu na bahari kabisa, wakati wa kusi unapiga shimo moja upepo unakusukuma na shimo linalofuata unakuja usoni, na mpira uliopaa unarudi. Ushauri wangu ni kwamba wudi 7 iwe ya kazi yake, upepo wa nyuma na wa pembeni, au mpira uko kwenye rafu, zile nyasi ndefu. Upepo ukija usoni chukua haibridi ile yenye lofti ndogo zaidi, shika chini kidogo kwenye gripu kama vidole viwili, mpira uusogeze nyuma kidogo kwenye miguu, na upige taratibu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi na ukizunguka zaidi unapanda zaidi, ndo upepo unaumeza. Taratibu mzee wangu, upepo haushindwi kwa nguvu.

Kitu kimoja tu ningekuuliza kama tungekuwa tumekaa pamoja: pata yako ina umri gani na gripu yake ikoje? Uwanja wa par 72, yaani mikwaju 72 inayotarajiwa kwa raundi nzima, umehesabiwa kwa mikwaju 36 ya grini, miwili kila shimo, nusu nzima ya mchezo. Draiva hata ukiitumia kila panapowezekana ni mara 14 hivi. Lakini watu tunabadilisha draiva kila baada ya miaka miwili na pata ina gripu iliyokauka imepasuka tangu enzi hizo, na kwa joto la hapa mkono ukiloa inateleza. Badilisha hiyo gripu mzee, ni kazi ya nusu saa.

Mambo vipi bro. Mimi na kaka yangu tuna seti moja tu tunashea, tunataka kuingia mashindano ya klabu. Inaruhusiwa? Na fimbo ikivunjika katikati ya mchezo tunafanyaje?

Poa sana mdogo wangu. Kama mnacheza kila mtu kivyake hairuhusiwi kushea, hata kumwazima pata yako mara moja. Kama ni mashindano ya wawili wawili na nyie ni timu moja, hapo mnaweza kushea ilimradi fimbo zenu wote wawili kwa jumla zisizidi 14. Mkiwa na seti moja ndo vizuri, gawaneni.

Mkiingia kila mtu kivyake gawaneni hivyo hivyo kabla ya kuanza, saba kwa saba, mmoja akose draiva mwingine akose wudi, ila pata inabidi mtafute ya pili, hiyo haigawanyiki. Anayeanza na pungufu ya 14 anaruhusiwa kuongeza katikati ya raundi, ila asicheleweshe mchezo na asichukue kwa mtu yeyote anayecheza uwanjani siku hiyo. Kwahiyo kaka yako hawezi kukupa, hata akiwa shimo la jirani.

Kuhusu kuvunjika, tangu sheria mpya za mwaka 2023 fimbo iliyoharibika wakati wa mchezo unaweza kuitengeneza au kuleta nyingine badala yake, mradi haukuiharibu kwa makusudi. Ikivunjika kwa sababu ulipiga mzizi wakati unacheza mpira, badilisha. Ikivunjika kwa sababu umekasirika ukaipiga kwenye mti wa mwembe, hauruhusiwi kuibadilisha.